Kumi na Mbili au Ishirini na Nne

Pistoni aliitambua rangi kabla hajaitambua swichi. Ilikuwa nyekundu iliyokolea, rangi ya kucha za mkewe, na sasa imepakwa nukta moja kwenye kichwa cha mota ya boti yao, pembeni ya pale palipoandikwa kumi na mbili. Nukta yenyewe ilikuwa nzuri, duara kabisa. Mkewe akijipaka kucha, mkono humtetemeka na rangi huvuka mpaka kwenye nyama. Kwa hiyo nukta hii ameipaka mtu mwingine. Mtu huyo alikishika kile kichupa, na kichupa hukaa kwenye mkoba, na mkoba hukaa begani. Pistoni alisafiri mbali sana kwa nukta moja.

"Hii kaiweka nani?" aliuliza.

"Fundi Chaji," mkewe akajibu, huku anakung'uta maboya ya abiria. "Namba zimefutika. Kasema tuweke alama nisije nikakosea."

"Kwa rangi yako ya kucha."

"Hakukuwa na nyingine, Baba Watoto. Ulitaka apake kwa mate?"

Angenyamaza hapo mwanaume mwenye akili zake, lakini wivu ukishamkaa mtu akili hutafuta pa kupanga. Pistoni alilitazama lile duara jekundu mpaka macho yakamwasha, kisha akaondoka gatini bila kuaga.

Mji ule ulikunywa maji ya bwawa lile, na wenye kusimamia maji walikuwa wamepiga marufuku injini za petroli kwa sababu ya mafuta yaliyokuwa yakielea juu. Amri hiyo ilikuwa ya haki, na ilimmaliza Pistoni. Alikuwa fundi wa injini za boti, fundi hasa, wa kuisikia injini inakohoa ng'ambo ya pili akakwambia ugonjwa wake. Sasa kibanda chake kilikuwa kimefungwa, spana zinaota kutu. Mkewe ndiye aliyetafuta mota ya umeme, ya zamani, iliyokwisha kutupwa na wenyewe, akaifunga kwenye boti yao na kuanza kuwatembeza watu wanaopenda kuvua kwa ndoano na wale wanaokuja kutazama ndege. Watu wa gatini walimwita Nahodha. Mwanzoni walikuwa wanamcheka. Siku hizi walimwita hivyo wakiwa na shida naye, na hawakucheka.

Mota ile ilikuwa na ugeni wake. Ilitumia betri mbili zilizokaa kwenye sanduku la mbao chini ya kiti cha nyuma, na kichwani ilikuwa na swichi ya kuchagua. Ukiiweka kwenye volti kumi na mbili, betri zinafanya kazi bega kwa bega: boti inakwenda taratibu, chaji inadumu. Ukiiweka kwenye ishirini na nne, moja inapanda mgongoni mwa mwenzake: nguvu inakuwa kubwa, chaji nayo inakwisha upesi. Kuziunganisha hivi au vile ni kazi ya swichi yenyewe, ndani kwa ndani. Hayo yote Nahodha alielezwa na Fundi Chaji, mwenye kibanda cha kuchaji betri na simu kando ya barabara kubwa. Tena alielezwa kwa subira, mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu. Kutoka na kuingia gatini, kumi na mbili. Ukiwa katikati na upepo umekaza, ishirini na nne. Na kwenye betri usiongeze kitu.

Tatizo ni kwamba Nahodha aliyabeba maelezo hayo mpaka nyumbani. Ikawa kila jambo ni "fundi kasema". Fundi kasema betri zisikae kwenye sakafu ya saruji. Fundi kasema mtu asimwage maji karibu. "Fundi kasema" ilikuwa inafika mezani kabla ya chakula. Mama yake Pistoni, ambaye aliishi nao na hakuwa mtu wa kupitwa, siku moja alionja mchuzi akauliza huyo fundi wao anasemaje kuhusu chumvi. Watoto walicheka. Nahodha naye akacheka, na kicheko kile kilimkera Pistoni kuliko maneno ya mama.

Ukweli, ambao Pistoni asingeukubali hata kwa viboko, ni kwamba Fundi Chaji hakuwa na haja na mke wa mtu. Alikuwa anapenda kusikilizwa, basi. Angemweleza mambo ya volti hata mbuzi, mradi mbuzi asimame. Nahodha alikuwa anasimama. Na yeye Nahodha, tuseme yote, alikuwa anafurahi kidogo. Hapakuwa na mapenzi. Alikuwa amepata mtu mzima anayemweleza jambo bila kupandisha sauti, na nyumbani kwake kitu hicho kilikuwa kimeadimika tangu kibanda cha mumewe kifungwe.

Maana Pistoni alikuwa amejenga tabia. Alikuwa anasimama mwisho wa gati, mikono kiunoni, anamfokea mkewe aliyeko majini. Wiki ile ile ya nukta Nahodha alikuwa na wateja wawili, wazee wa watu waliokuja kuvua, mmoja akasema neno la kuchekesha, Nahodha akacheka. Pistoni alipiga kelele mpaka ndege wakaruka: unacheka nini na huyo, rudi hapa, nimesema rudi. Wale wazee waliangalia maji. Nahodha aliwarudisha, hakuwatazama usoni walipokuwa wanashuka, na hawakuja tena. Siku nyingine alimfokea kwa sababu alivaa kofia ya mteja jua lilipokuwa kali. Siku nyingine hata yeye mwenyewe hakukumbuka sababu. Nahodha akajifunza kufanya jambo moja: akiisikia sauti ile kutoka gatini, anainamisha kichwa na kuendelea na kazi.

*

Ukaja ukaguzi. Boti zilikuwa nyingi mno bwawani, na watu wa maji walisema zitakazobaki ni zenye kibali tu. Mkaguzi atapanda kila boti, ataendeshwa mpaka kwenye mnara wa kuchotea maji na kurudi, akiridhika anatoa, asiporidhika mtu aitoe boti yake majini akafugie kuku. Kwa nyumba ile, boti ndiyo iliyokuwa jiko, ndiyo iliyokuwa shule, ndiyo dawa ya presha ya mama. Kila mtu alilijua hilo, hata Pistoni, hasa Pistoni.

Mchana wa kuamkia ukaguzi, Nahodha alisema atamwomba fundi apite asubuhi aziangalie betri.

Pistoni aliweka kikombe chini. Alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyowatisha, kwamba hakuna mwanaume atakayekuja kumfungia mkewe nyaya yeye akiwa hai. Kwamba yeye ameshika injini kabla huyo mchaji simu hajajua kufunga vifungo vya shati. Kwamba kama kwenye nyumba hii ameshakuwa pambo, wamwambie, atakaa ukutani.

Nahodha alimtazama. Aliona mtu aliyekuwa akimpenda, amekonda, mikono imelegea kwa kukosa kazi. Akamwonea huruma, na huruma ndiyo iliyomponza.

"Basi zifunge wewe," alisema. "Zichaji, zirudishe kwenye sanduku, ufunge mkanda. Ila usiongeze kitu."

Angeishia kwenye mkanda. Hayo maneno ya mwisho Pistoni aliyajua yametoka kinywani mwa nani.

Alizichaji kwa jirani, si kwa Fundi Chaji. Akazirudisha botini jua likiwa bado liko juu, akaunganisha nyaya za mota kama zilivyokuwa, kila moja mahali pake, kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Kisha akakaa kwenye kiti cha nyuma akaitazama ile nukta nyekundu. Mtu wa petroli akitaka nguvu anaongeza. Anapanua tundu, anaongeza hewa, anaongeza moto. Akaona: hizi betri mbili nikizifunga mwenyewe moja kwa nyingine, kwa waya mnene wa injini, nguvu itaongezeka, na kesho mke wangu ataiona tofauti ya fundi na mpiga porojo. Akaipeleka swichi kwenye ishirini na nne, upande usio na nukta ya mtu. Akachukua waya, akaufunga kutoka chanya ya betri hii mpaka hasi ya betri ile, akakaza kwa spana mpaka vichwa vya betri vikalia.

Akaijaribu. Boti iliruka. Alizunguka nayo mara mbili mbele ya gati, upepo unampiga kifuani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alijisikia mwanaume mwenye kazi. Akafunga sanduku, akafunga mkanda, akaiacha swichi pale pale. Kwenye kumi na mbili hakuijaribu. Kumi na mbili ilikuwa ya yule mwingine.

Nyumbani alisema tu, "Tayari." Nahodha alifurahi, na jioni alimmiminia yeye chai kwanza, kabla ya mama. Mama aliliona hilo akaguna.

*

Asubuhi palikuwa na upepo ukivuma kuelekea gatini. Mkaguzi alikuwa mama mmoja mnene mwenye viatu vya mpira, mkimya, anayetazama kitu mara mbili kabla ya kukiuliza. Alihesabu maboya, akatingisha makasia, akaonyesha sanduku kwa kidole.

"Betri?"

"Mume wangu kazifunga jana," Nahodha akasema, na alisema kwa fahari. Hakulifungua. Siku zote alikuwa analifungua, lakini kulifungua leo mbele ya Pistoni, aliyesimama pale gatini, ingekuwa ni kumwambia hamwamini, na alikuwa amechoka na vita. Akaikuta swichi kwenye ishirini na nne. Mkono ulikwenda kuirudisha, kisha akaupima upepo akaona iko sawa, bila nguvu atasukumwa kwenye nguzo. Akaondoka nayo vile vile. Boti ilikata maji vizuri.

Pistoni aliitazama ikienda na kifua kikamjaa. Angeweza kubaki pale aone mwisho wake. Lakini ushindi usio na wa kuumia una raha gani? Alitaka mtu mmoja tu ajue, na mtu huyo alikuwa kando ya barabara kubwa.

Fundi Chaji alikuwa kibandani, miwani juu ya paji la uso, amezungukwa na simu za watu. Pistoni aliegemea kaunta. Kitu cha kwanza alichokiona ni simu ya mkewe, na kifuniko chake cha maua, imelala karibu na mkono wa fundi.

"Simu ya mke wangu inafanya nini hapa?"

"Inachajiwa," Fundi Chaji akasema. "Hapa watu huchaji simu."

Pistoni alimeza hilo kwa shida, kisha akayatoa yake. Alieleza alivyozishika zile betri, waya mnene, chanya kwenda hasi, na boti ilivyoruka. Akasema kuna watu wanajua kupaka nukta na kuna watu wanajua kazi. Alisema mengi, na alivyokuwa akisema alishangaa, maana yule domo kaya hakumkatiza hata mara moja. Alikuwa ameishusha miwani machoni.

"Swichi ilikuwa wapi?" fundi aliuliza.

"Ishirini na nne."

"Kumi na mbili umejaribu?"

"Ya nini?"

Fundi Chaji aliinuka. Kwa mara ya kwanza tangu watu wamjue, alisema maneno machache. "Hujaongeza nguvu. Waya wako umefanya kazi ambayo swichi ilikuwa imeshaifanya. Lakini shemeji akiirudisha kumi na mbili, swichi inaweka chanya na chanya, hasi na hasi, na waya wako unazigonganisha zote. Ni moto. Betri zinaweza kupasuka na kummwagia tindikali." Akachukua ufunguo wa pikipiki. "Na yeye kuingia gatini lazima ataweka kumi na mbili. Nilimwambia mimi."

Pistoni aliitazama ile simu kwenye kaunta. Hata ya kumpigia ilikuwa hapa.

Hakuna aliyesema twende. Fundi aliacha kibanda wazi na simu za watu zote, akawasha pikipiki, na Pistoni akapanda nyuma. Njia ilikuwa mbovu. Kwenye shimo la kwanza ilibidi amshike yule bwana kiunoni, akamshika kwa mikono miwili, na wauza duka waliowajua wote wawili wakabaki wameduwaa. Njia nzima Pistoni alikuwa anaona kitu kimoja: lile sanduku, na kiti kilicho juu yake, na nani anakaa kwenye kiti hicho.

*

Boti ilikuwa inarudi. Walipofika ilikuwa imekwisha kuupita mstari wa maboya, mkaguzi ameketi mbele, Nahodha nyuma, wima, anaitazama gati kama anavyoitazama siku zote, anapima. Pistoni aliruka pikipiki haijasimama, akakimbia mpaka mwisho wa mbao.

"Usishike swichi! Mama Watoto! Usiishike!"

Upepo ulikuwa unampiga usoni, ukiyarudisha maneno nyuma. Nahodha aliisikia sauti. Maneno hayakufika, ila ule mlio aliujua, na ile mikono inayopungwa aliijua. Leo pia, aliwaza. Hata leo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Yule ni nani?" mkaguzi aliuliza.

"Mtu wa hapo gatini tu," Nahodha akasema.

Akainamisha kichwa. Akapunguza mwendo, na mkono wake wa kulia ukakaa tayari kwenye kichwa cha mota, kuingoja nguzo ya kwanza ya gati.

Pistoni aliuona ule mkono. Aliita tena mpaka sauti ikapasuka, na kadiri alivyoita ndivyo kichwa cha mkewe kilivyozidi kuinama. Hapo ndipo alipoelewa. Angeweza kuita mpaka kesho. Aligeuka. Fundi Chaji alikuwa amebaki mbali, kando ya pikipiki yake. Alijua anavyosemwa, na hakutaka kuonekana kati ya mtu na mkewe. Pistoni alimfuata, akamkamata mkono, akamvuta mpaka mbele kabisa.

"Mwite wewe."

"Ni mkeo, bwana."

"Ndiyo, ni mke wangu," Pistoni alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka mbele za watu wa gatini wote. "Mwite. Wewe atakusikia."

Fundi Chaji aliweka viganja mdomoni.

"Shemeji! Acha swichi!"

Boti ilikuwa imeshakaribia, ila sauti yenyewe haikuwa kubwa kuliko ya Pistoni. Lakini kichwa cha Nahodha kiliinuka hapo hapo, na mkono ukatoka kwenye swichi kama umeguswa na moto. Hakuuliza kwa nini. Aliinua mikono yote miwili juu, waione, akangoja aambiwe kinachofuata. Fundi akamwelekeza: zima kabisa, chukua kasia. Akafanya vile vile, neno kwa neno, na Pistoni alisimama pembeni akitazama.

*

Boti iliingia kwa makasia, mkaguzi mwenyewe akisaidia upande mmoja. Nahodha alifunga kamba, akafungua mkanda, akainua kifuniko. Waya ulikuwa pale, mnene, umekazwa vizuri sana.

Mkaguzi aliutazama mara mbili. "Huu kaufunga nani?"

Fundi Chaji, aliyekuwa na majibu ya kila kitu, aliangalia viatu vyake.

"Mimi," Pistoni akasema.

"Wewe ni nani?"

Alimtazama mkewe kwanza. "Mume wake."

Mkaguzi aliligeuza hilo kichwani, na alimkumbuka yule mtu wa hapo gatini tu. Hakuwa mtu wa hotuba. Alimwambia Nahodha kwamba boti ni nzima na mwendeshaji anaijua kazi yake, kibali atapata. Ila sanduku hilo alitie kufuli, na ufunguo aushike yeye peke yake, mtu mwingine yeyote asiwe nao. Alisema "mtu mwingine yeyote" akiwa anamtazama Pistoni, si kwa ubaya, kisha akaenda kwenye boti iliyofuata.

Fundi Chaji alifungua ule waya, akaukunja, akauweka juu ya mbao. Alisema ameacha simu za watu, akawahi pikipiki yake. Wakabaki wawili. Nahodha alizitoa betri, akazifuta moja moja. Pistoni alitaka kusema samahani. Alikuwa nayo mdomoni kabisa. Kilichotoka ni kingine.

"Mbona yeye umemsikia mara moja?"

Nahodha aliinua uso. Hakuwa na hasira hata kidogo, na afadhali angekuwa nayo.

"Yeye hajawahi kuniita bure," alisema.

Akainua betri moja, akaipakata kifuani, akaanza kuondoka kwenye gati kuelekea nyumbani. Ilikuwa nzito, alikuwa anatembea ameegemea upande mmoja. Pistoni alichukua ile nyingine. Mkewe alikuwa ameshafika mbali, mgongo wake unazidi kuwa mdogo. Alitaka kumwita amngoje. Akaogopa kwamba hatageuka, basi akanyamaza, akaongeza mwendo.